“Bibi, hamisha bakora mkono wa pili”

Nyonga ya kulia ya mama mkubwa wangu ilimnyang'anya vitu kimoja kimoja. Kwanza ilichukua mbuzi ya kukunia nazi. Akiketi kwenye kile kibao kifupi, magoti yamepanda juu na mapaja yametanuka, maumivu yalimchoma kinenani hata akaiacha nazi nusu kifuuni na kumwita mjukuu amalizie. Kisha ikachukua ngazi ya daladala. Akawa anasubiri gari tupu ili asiwacheleweshe watu mlangoni, na gari tupu mjini Tanga saa mbili asubuhi ni la kuombea dua. Mwisho ikachukua sijida. Mwanamke aliyeswali juu ya mkeka tangu utotoni akawa anaswali juu ya kiti cha plastiki kando ya ukuta. Dini imempa mgonjwa ruhusa hiyo, naye anaijua vizuri kuliko mimi. Lakini kila nilipomtembelea nilimwona akikirudisha kile kiti uani upesi upesi baada ya salamu ya mwisho, kama mtu anayeficha deni.

Dawa alizitumia. Alipakwa mafuta ya mnyonyo yaliyopashwa moto, akachuliwa na jirani, akameza vidonge vya diklofenaki kutoka duka la dawa mpaka tumbo likaanza kumwaka. Na kila aliyemtazama akichechemea alimpa ushauri uleule: “Pumzika, mama, ni umri huo.” Naye akapumzika. Alipumzika miezi saba, na kila mwezi mguu ukazidi kuwa mzito.

Nimeandika makala haya kwa ajili ya neno hilo, pumzika. Limewakalisha vitini watu wengi ambao wangeweza kutembea. Nyonga inayouma, mara nyingi, inataka kazi: kazi yenye kipimo, iliyopangwa na mtu anayejua, inayoongezwa kidogo kidogo kama chumvi kwenye mchuzi. Kazi hiyo ndiyo fiziotherapia, tiba ambayo wengi wetu tunaifikiria pale mtu anapopata kiharusi au anapofunguliwa plasta, na tunaisahau kabisa mtu anaposema, “Nyonga inaniua.”

Nyonga ni wapi hasa?

Mwambie mtu akuonyeshe nyonga yake. Mmoja atashika kiuno, mwingine atashika tako, wa tatu atapiga kofi ubavuni mwa paja. Tofauti hii ndiyo jambo la kwanza ambalo mtaalamu hulifumbua, kwa sababu mahali panapouma husema mengi.

Kiungo chenyewe kimejificha ndani sana. Kichwa cha mfupa wa paja, cha mviringo kama mpira mdogo, kimeingia kwenye kikombe kilichochongwa kwenye mfupa wa nyonga. Vyote viwili vimevikwa gegedu, tabaka jeupe linaloteleza, na kati yake kuna ute unaolainisha. Kiungo hiki kikiwa na hitilafu, maumivu kwa kawaida huja mbele, kinenani. Mgonjwa akiulizwa, mara nyingi hufungua kiganja na kuikamata nyonga kwa pembeni, kidole gumba nyuma na vidole vingine mbele, kama anayeshika kikombe kikubwa. Maumivu ya ubavuni, juu ya ule mfupa unaojitokeza kando ya paja, aghalabu hutoka kwenye kano za misuli ya kando. Huyu ndiye mgonjwa asiyeweza kulala kwa ubavu usiku, na mara nyingi ni mwanamke aliyevuka miaka 40. Maumivu ya nyuma, takoni, yakishuka mguuni, mara nyingi asili yake ni uti wa mgongo.

Tena nyonga ina hila. Neva zinazoihudumia zinahudumia pia goti, kwa hiyo kuna watu wanaopeleka goti hospitali, wakapigwa picha ya goti, wakapewa dawa ya goti, kumbe mgonjwa ni nyonga. Kwa watoto hila hii ni ya hatari. Mtoto anayechechemea na kulalamikia goti apimwe na nyonga pia.

Ukitaka kujua jinsi kiungo hiki kinavyotegemea mkao na mwendo, anzia mbelekoni. Mtoto mchanga anayebebwa mgongoni kwa kanga, miguu imetanuka na magoti yamepanda, kichwa cha mfupa wake wa paja hutulia katikati ya kikombe, na kikombe hukua kikikifuata. Mtoto anayefungwa nguo kwa kubanwa, miguu imenyooshwa na kuunganishwa, yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya nyonga yake kukua vibaya. Bibi zetu hawakusoma hayo popote, lakini migongo yao iliyafanya.

Na gegedu ya mtu mzima nayo ina siri yake: haina mishipa ya damu. Hulishwa na ute wa kiungo, na ute huo huingia na kutoka kwa kubanwa na kuachiwa, kama maji katika sifongo. Unapotembea, unailisha. Unapokaa miezi saba kwenye kiti, unainyima chakula, na misuli inayoishikilia inasinyaa. Mgonjwa akisimama tena, kiungo kimekuwa kikavu na walinzi wake wamelala. Anaumia zaidi kuliko mwanzo, anaamua kwamba kupumzika hakukutosha, anarudi kitini. Duara hili limemvunja moyo mzee mmoja baada ya mwingine katika mitaa yetu.

Somo la mzega

Aliyempokea mama mkubwa katika chumba cha fiziotherapia alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu. Kitanda kimoja, kioo kirefu ukutani, vyuma viwili sambamba vya kushikilia, na ngazi ya mbao yenye vidaraja vitatu isiyokwenda popote.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Pole na maumivu. Kabla hujanionyesha panapouma, niambie kwanza: unataka urudi kufanya nini?”

Mama mkubwa alinigeukia, kana kwamba jibu lilikuwa mfukoni mwangu. Miezi yote ile hakuna aliyemuuliza hivyo. “Nataka kusujudu chini,” akasema hatimaye. Binti akaandika kwenye kadi yake: kusujudu chini. Mstari wa pili: daladala. Mstari wa tatu: nazi.

Kisha akamlaza, akamkunja goti kuelekea kifuani, akauzungusha mguu taratibu ndani na nje. Kuuzungusha ndani ndiko kulikomkwamisha. Hiyo ni moja ya dalili za kusagika kwa nyonga, na picha ya eksirei tuliyokwenda nayo ilionyesha gegedu imeanza kupungua. Halafu akamsimamisha mbele ya kioo. “Simama kwa mguu wa kulia tu, bibi. Nakushika.” Hapo nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona katika miezi yote ya kumtazama akitembea. Alipouinua mguu wa kushoto, nyonga ya kushoto ilishuka kama dau lililoelemewa upande mmoja, na mwili mzima ukajitupa kulia kuizuia isianguke. Daktari wa upasuaji wa Ujerumani, Friedrich Trendelenburg, aliieleza alama hii mwaka 1895, na mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Huonyesha kwamba misuli ya kando ya nyonga imeshindwa kazi.

Mama mkubwa aliporudi kitini aliichukua bakora yake kwa mkono wa kulia, upande wa mguu unaouma, kama anavyofanya karibu kila mtu. Binti akatabasamu.

“Bibi, hamisha bakora mkono wa pili.”

“Mguu mbovu ni huu, mwanangu.”

“Ndiyo, bibi. Ndiyo maana.”

Kwa aliyekulia pwani, sababu yake inaeleweka kwa mzega. Mchukuzi wa maji huweka ule mti begani na ndoo mbili zikaning'inia, moja huku na moja kule. Sasa iondoe ndoo ya mbele. Ndoo ya nyuma iko mbali, kwenye upande mrefu wa mti. Mbele umebaki upande mfupi, na mchukuzi hana budi kuukandamiza kwa mkono ili mti usipinduke. Kwa kuwa upande wa mkono ni mfupi, nguvu ya mkono lazima iwe kubwa kuliko uzito wa ndoo. Na bega, maskini, linabeba vyote viwili: ndoo na mkandamizo wa mkono.

Bega hilo ndilo nyonga yako kila unapokanyaga mguu mmoja. Ndoo ni uzito wa mwili wako. Mkono unaokandamiza ni misuli ya kando. Ndiyo maana nyonga hubeba mzigo mkubwa kuliko uzito wa mwenye nayo. Huko Berlin, Georg Bergmann na wenzake waliweka vipimo ndani ya nyonga za bandia za wagonjwa, na mwaka 2001 wakatangaza walichokipata: kutembea kwa mwendo wa kawaida kuliikandamiza nyonga kwa takriban asilimia 238 ya uzito wa mwili, na kushuka ngazi takriban asilimia 260. Mtu wa kilo 70, basi, anatembea na kilo zaidi ya 160 juu ya kiungo kimoja kwa kila hatua. Akipunguza kilo 5 za mwili, nyonga inatua kilo 10 na zaidi.

Na bakora? Ukiishika mkono wa upande wa pili, ni kama mtoto aliyekuja nyuma ya mchukuzi akainyanyua ile ndoo kidogo tu. Kwa kuwa ameinyanyulia mbali, kwenye upande mrefu, mkono wa mchukuzi unapumua na bega linapata nafuu kubwa kuliko nguvu aliyotumia mtoto. Mwaka 1956 daktari wa mifupa wa Marekani, Walter Blount, aliandika katika jarida la wenzake akiwasihi wasiwaache wagonjwa watupe bakora zao. Alikuwa na maana hiyo. Bakora katika mkono sahihi ni tiba. Mama mkubwa alitembea chumba kizima kwenda na kurudi akiwa nayo mkono wa kushoto, akaitoa mbele pamoja na mguu wa kulia, akasimama katikati. “Mbona umekuwa mwepesi?” akaniuliza, kama vile mimi ndiye niliyeupunguza uzito wa mguu.

Dozi, kama dawa nyingine

Bakora humpunguzia mtu mzigo leo. Kumrudishia nguvu za kesho ni kazi ya misuli, na hapo ndipo mazoezi yanapoingia. Watu wengi wakisikia mazoezi hufikiria kukimbia ufukweni alfajiri. Mazoezi ya tiba yanafanana zaidi na dawa: yana aina yake, kipimo chake, saa zake na muda wa kumaliza dozi. Aliyopewa mama mkubwa yalikuwa manne, na mkeka, kanga na kiti vilitosha.

La kwanza, alilala chali juu ya mkeka, magoti yamekunjwa na nyayo chini, akanyanyua makalio, akahesabu mpaka tano, akashusha polepole. La pili, alifungwa kanga kuzunguka mapaja, juu kidogo ya magoti, akiwa bado amelala, akasukuma magoti nje dhidi ya kanga. Baada ya wiki mbili alilifanya akiwa amesimama, ameshika ukuta, akiupeleka mguu pembeni bila kupinda kiwiliwili. La tatu, kuketi na kusimama kutoka kwenye kiti bila kujisukuma kwa mikono. La nne, kupanda kidaraja kimoja na kushuka, mguu mbovu ukitangulia juu na kubaki juu mpaka mwenzake umegusa chini.

Zoezi la tatu ndilo lililonifundisha maana ya neno kipimo. Binti aliweka mito mitatu juu ya kiti, kikawa kirefu kama kiti cha baa. Mama mkubwa akaona anadharauliwa. “Hapa hata mtoto anasimama.” Binti akamjibu, “Ndiyo, bibi, na wewe simama mara kumi bila kuumia.” Baada ya wiki mbili mto mmoja ukaondoka. Baada ya nyingine mbili, wa pili. Mito ilipokwisha, likaja benchi fupi, kisha kigoda. Kila mto ulioondoka ulikuwa hatua moja kuelekea kwenye mkeka, na mgonjwa mwenyewe alikuwa akiihesabu.

Je, afanye hata kama panauma? Hili ndilo swali linalowaogopesha wengi, na lina jibu linalotumika duniani kote. Maumivu huhesabiwa kutoka 0 hadi 10. Wakati wa zoezi, maumivu ya 1 au 2 hayana tatizo. Mpaka 5 yanavumilika, mradi yatulie yenyewe na kesho yake asubuhi yarudi pale yalipokuwa. Kesho asubuhi ndiyo hakimu. Ukiamka unaumwa kuliko jana, umezidisha: punguza, usiache. Ukiamka sawa, endelea. Na kwa kuwa misuli hujengeka kwa wiki na si kwa siku, mtu asitoe hukumu kabla ya wiki 8 hadi 12.

Nguvu ya dozi hii imepimwa. Mwaka 2018 jarida la tiba la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti uliofanyika Australia kwa watu 204 wenye maumivu ya kano za ubavuni mwa nyonga. Kundi la kwanza lilipewa mafunzo na mazoezi kwa wiki 8. La pili likachomwa sindano moja ya steroidi. La tatu likashauriwa na kuachwa lisubiri. Wiki ya 8, waliosema wamepata nafuu ya maana walikuwa takriban 77 katika kila 100 kwenye kundi la mazoezi, 59 kwenye sindano na 29 kwa waliosubiri. Mwaka mzima baadaye, mazoezi yalikuwa bado juu: 79, dhidi ya 58 na 52.

Sehemu ya mafunzo katika utafiti ule haikuwa mapambo. Kano za ubavuni huteswa na mazoea madogo: kusimama foleni huku umelegea kwenye nyonga moja, kubeba mtoto upande uleule kila siku, kuketi umekunja nne, kulala ubavu ule unaouma. Mto mmoja kati ya magoti usiku, miguu miwili ikigawana uzito mchana, na tayari kano imepata pa kupumulia. Haya hayagharimu shilingi.

Kwa nyonga iliyosagika, Denmark ilianzisha mwaka 2013 mpango unaoitwa GLA:D, ambao umeenea nchi nyingine: vipindi viwili vya mafunzo, kisha vipindi 12 vya mazoezi yanayosimamiwa katika wiki 6. Mwongozo wa tiba wa Uingereza uliotolewa Oktoba 2022 unataka kila mwenye viungo vilivyosagika apewe mazoezi ya tiba, wala hauwashauri madaktari kutumia mashine za umeme. Nalisema hili kwa sababu wapo wagonjwa wetu wanaoamini kwamba fiziotherapia ni kulala chini ya taa ya joto au kuunganishwa waya. Joto linaliwaza, na kuchuliwa kunaliwaza. Lakini ukitoka chumbani humo bila zoezi la kwenda nalo nyumbani, umepewa kitulizo, dozi imebaki kwa mtaalamu.

Mpaka wa mazoezi

Ninaamini katika tiba hii, na kwa sababu hiyo nitasema na upande wake wa pili. Mwaka 2014 jarida la JAMA la Marekani lilichapisha utafiti wa Melbourne wa watu 102 wenye nyonga zilizosagika. Nusu walipata fiziotherapia kamili kwa wiki 12. Nusu wakapewa tiba ya kuigiza, mashine iliyozimwa na jeli ya kupakwa. Maumivu yalipungua kwa pande zote mbili, bila tofauti ya maana kati yao. Mwaka huohuo, wachambuzi wa tafiti wa mtandao wa Cochrane walipokusanya majaribio 10 ya mazoezi ya nyonga, waliona maumivu yanapungua na uwezo wa kufanya kazi unaongezeka kwa kiasi, na nafuu hiyo inabaki walau miezi 3 hadi 6 baada ya mazoezi kumalizika. Ukiviweka vyote pamoja unapata ukweli wa wastani: gegedu iliyokwisha hairudishwi na zoezi lolote, na anayekuahidi hivyo anakudanganya. Kinachorudi ni nguvu, wepesi, usingizi na imani ya mtu katika mguu wake mwenyewe. Kwa wengi, hivyo ndivyo walivyokuwa wamevipoteza.

Tena si kila nyonga ianzie kwenye mkeka. Mzee aliyeanguka na hawezi kukanyaga, hata kama alianguka taratibu tu chooni, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Shingo ya mfupa wa paja huvunjika kwa urahisi uzeeni, na kila siku inayopotea kitandani inamwongezea hatari. Nyonga inayouma pamoja na homa, au inayoambatana na kukonda na kutoka jasho usiku, ichunguzwe upesi, maana kifua kikuu hakiishii kifuani. Huingia hata kwenye mifupa. Maumivu yasiyobadilika mchana wala usiku, ukitembea au ukilala, nayo yasisubiri.

Na kuna ugonjwa mmoja ambao Afrika Mashariki hatuna ruhusa ya kuusahau: selimundu. Inakadiriwa kwamba Tanzania pekee watoto wapatao 11,000 huzaliwa nao kila mwaka. Chembe za damu zenye umbo la mundu huziba mishipa midogo, na kichwa cha mfupa wa paja, ambacho hulishwa na mishipa michache myembamba, ni miongoni mwa sehemu zinazoathirika sana. Mfupa hukosa damu, hufa, kisha hubonyea. Kijana wa miaka 20 mwenye selimundu anayelalamika kinenani asiambiwe ni baridi wala amelala vibaya. Hatari hiyohiyo iko kwa mtu aliyetumia dawa za steroidi kwa muda mrefu au anayekunywa pombe nyingi. Wote hawa wanahitaji daktari wa mifupa kwanza, na mtaalamu wa fiziotherapia akiwa pembeni yake tangu mapema.

Na pale kiungo kinapokuwa kimekwisha kabisa, upasuaji upo. Tangu John Charnley alipoanza kuweka nyonga zake za bandia zilizofanikiwa kudumu katika hospitali ya Wrightington, Uingereza, mwaka 1962, tiba hii imewarudishia miguu mamilioni ya watu, na kwetu inafanyika, ikiwemo katika Taasisi ya Tiba ya Mifupa Muhimbili, MOI. Lakini hata hapo mazoezi hayakwepeki. Mgonjwa husimamishwa kwa kawaida siku hiyohiyo au siku inayofuata, na aliyeingia chumba cha upasuaji akiwa na misuli imara hutoka na kazi nusu imekwishafanyika.

Mtaalamu yuko wapi?

Tarehe 8 Septemba kila mwaka dunia huadhimisha siku ya fiziotherapia, kukumbuka kuundwa kwa shirikisho la dunia la wataalamu wake mwaka 1951. Kwetu huwa inapita kimyakimya. Hata hivyo mizizi tunayo: Moshi kuna chuo cha fiziotherapia cha KCMC, na jirani yake TATCOT, kilichoanza mwaka 1981 kufundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi kutoka nchi nyingi za Afrika. Wanaohitimu ni wachache kuliko nyonga zinazowasubiri, na wengi wao wako mijini. Mkulima wa ndani akiambiwa arudi mara mbili kwa wiki kwa wiki 6, anapiga hesabu ya nauli, anarudi nyumbani na vidonge.

Vidonge hivyo navyo vina bei isiyoandikwa kwenye pakiti. Diklofenaki na ndugu zake, zikimezwa miezi na miezi bila usimamizi, hutoboa tumbo, huchosha figo na kupandisha shinikizo la damu, hasa kwa wazee. Ukiweka gharama za vidonda vya tumbo na figo kwenye mizani, vipindi 12 vya mazoezi vinaonekana rahisi. Bunge letu lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Ninawaomba wanaoendelea kupanga huduma zitakazolipiwa wamkumbuke mwanamke aliyeketi kwenye kiti cha plastiki kando ya ukuta. Vipindi vichache vya kufundishwa, kadi ya mazoezi iliyoandikwa kwa Kiswahili kinachosomeka, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii aliyefundishwa kukagua kama yanafanywa: hilo linawezekana hata pale ambapo mtaalamu anafika mara moja kwa mwezi.

Na wewe unayesoma ukiwa na nyonga inayouma, ukienda hospitali, omba kwa kauli yako: “Daktari, naomba uniandikie nikaonane na mtaalamu wa fiziotherapia.” Ukifika kwake, usianze na panapouma. Mwambie unataka kurudi kufanya nini.

Kadi

Mwezi wa nne wa mazoezi nilikwenda tena Tanga. Kanga ya mazoezi ilikuwa imefungwa kwenye mguu wa kitanda, imefifia rangi kwa kuvutwa. Bakora imesimama nyuma ya mlango; huichukua akienda mbali, na huichukua kwa mkono wa kushoto bila kukumbushwa. Kwenye kadi, mbele ya neno daladala, palikuwa na alama ya vyema. Mbele ya neno nazi, hapana. “Nazi nimemwachia mjukuu,” akasema, “naye aliwe na mbuzi.” Anaumwa bado. Asubuhi za mvua hutaja 3, siku njema hutaja 1.

Adhana ya magharibi ilipotoka aliweka mkono mmoja juu ya kigoda, akatanguliza goti la kulia kwenye mkeka, akashusha la kushoto, akatulia. Akasujudu. Nilihesabu, kwa mazoea niliyopata mle chumbani: sekunde tano, sita, saba. Akainuka kwa mguu wa kushoto, akishika kigoda kidogo tu.

Mimi nilikuwa barazani. Nilikuwa nimekaribishwa kiti, na kiti nilichopewa kilikuwa kile cha plastiki.